Ndoto ya Nani? Safari ya picha za kubuni kutoka Unguja hadi Segese

Segese iko katika Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, kwenye njia itokayo Kahama kuelekea Bulyanhulu na Geita. Ni nchi ya ng'ombe, pamba na dhahabu, na dhahabu ndiyo iliyoijaza watu wa kila kabila. Anayeacha kwao kwenda kutafuta maisha machimboni hubaki na deni moja kwa waliobaki nyumbani: kuwaonyesha kwamba yu hai na mambo yanakwenda. Ndiyo maana katika miji hii fundi picha hakosi kazi. Kijana huingia studio na vumbi la karasha mwilini, akatoka kwenye picha akiwa na suti, nyuma yake maghorofa ya Dubai yanameta. Bibi harusi aliyepigwa picha kwenye ua wa mabati huonekana kwenye kalenda ya ukutani amesimama katikati ya maporomoko ya maji.

Wapo wanaouita ufundi huu udanganyifu. Mimi nauona kuwa sanaa, tena sanaa yenye ukoo mrefu katika Afrika Mashariki kuliko kompyuta iliyoirahisisha. Kabla ya fundi wa Segese kushika kipanya, mafundi wa Unguja, Lamu na Mombasa walikwisha kuwahamisha watu kutoka mahali walipo hadi mahali walipotamani kuwa. Ukiifuatilia historia hiyo, swali moja linajitokeza katika kila zama: ndoto iliyomo ndani ya picha ni ya nani?

Wanawake wasio na majina

Kamera ilifika Unguja mapema. Kufikia mwisho wa miaka ya 1860 A. C. Gomes, mpigapicha mwenye asili ya Goa, alikuwa akifanya kazi mjini, na baada yake wakaja ndugu wa Coutinho na wengineo. Wateja wao walikuwa watu wa jumba la Sultani, wafanyabiashara na wageni waliopita na meli. Kadi za posta zilipoanza kuvuma mwishoni mwa karne ya 19, studio hizo zikapata soko jipya: picha za wanawake.

Mwanamke aliketishwa studio mbele ya pazia lililochorwa, amevaa kanga au vito, mkono umewekwa pale fundi alipotaka. Picha ikapelekwa Ulaya kuchapwa. Huko, kadi nyingi zilipakwa rangi na watu wasiowahi kuiona bandari ya Unguja. Kanga iliyokuwa nyekundu ingeweza kurudi samawati, na ngozi ikawa na rangi ya matofali. Chini ya picha yakaandikwa maneno ya kumsifu mrembo wa Kiswahili au wa Unguja, na jina lake halikuandikwa. Kadi hizo zimejaa kwenye makumbusho na mikusanyiko ya watu binafsi, na hata leo wengi wa wanawake wale hatuwezi kuwataja. Miongoni mwao huenda walikuwamo waliotoka utumwani, maana biashara ya watumwa ilipigwa marufuku Unguja mwaka 1873 na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria mwaka 1897.

Hao ndio wanamitindo wetu wa kwanza kugeuzwa kuwa sanaa ya njozi. Ndoto iliyokuwamo ilikuwa ya mnunuzi aliyeketi London au Hamburg akiwaza kisiwa cha karafuu. Mwenye sura alitoa sura tu.

Huko Ulaya kwenyewe mchezo wa kuunganisha picha ulikuwa umeshaanza. Mwaka 1857 Oscar Rejlander aliunganisha negativu zaidi ya 30 akapata picha moja kubwa ya vijana wawili, mmoja akielekea kwenye anasa na mwingine kwenye kazi na ibada. Waliosimama mbele ya kamera walikodiwa, na wengine hawakuvaa nguo. Watu wakapiga kelele, lakini Malkia Victoria akanunua nakala yake. Huko nako mwanamitindo alikuwa malighafi ya wazo la msanii.

Mkasi wa Lamu

Mambo yalibadilika pale mwenye sura alipoanza kulipia picha yake mwenyewe. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja. Mombasa, N. V. Parekh akafungua studio yake mwaka 1942. Wenyeji wakaanza kwenda kwa miguu yao wenyewe, wamevaa walivyotaka, wameshika walichopenda. Kwa Parekh vijana walijiweka kama nyota wa sinema za Kihindi na za Marekani walizoziona kwenye majumba ya sinema ya mjini. Fundi alipanga taa na kuelekeza shingo, na aliyejichagulia pozi alikuwa mteja.

Aliyevuka mpaka kabisa alikuwa Omar Said Bakor wa Lamu. Katika studio yake, kuanzia miaka ya 1960, Bakor hakuridhika na mtu kuketi kitini akatazama kamera. Alikata sura ya mteja akaipandikiza ndani ya ua lililochanua. Alizungushia nyuso mapambo, akamrudia mtu yuleyule mara mbili katika picha moja, akaunganisha vitu ambavyo duniani havikutani. Alifanya hivyo kwa mkasi, gundi na chumba cha giza, katika mji wa mawe ambako hata magari hayapiti. Bakor hakuwa amesomea upigaji picha popote.

Ustadi wake unaonekana zaidi ukikumbuka uzito wa picha katika mji kama Lamu. Picha ya mwanamke ni jambo la heshima ya nyumba. Kuiacha mikononi mwa fundi ni kumwamini, maana negativu inabaki kwake, na negativu moja huzaa nakala kwa mamia. Aliyekubali uso wake uchanue ndani ya ua la Bakor alijua nani anaukata, kwa nini, na picha itatundikwa nyumba gani. Ndoto ilitoka kwa fundi na mteja pamoja, na iliishi ndani ya uaminifu wa watu wanaofahamiana.

Meli ya Likoni

Miaka ya 1990 njozi ikashuka barabarani. Upande wa Mombasa, njiani kuelekea kivuko cha Likoni, wapigapicha walijenga vibanda vya mbao vilivyo wazi mbele. Ndani ya kila kibanda kulikuwa na ukuta uliochorwa kwa rangi kali: meli kubwa ya abiria, ndege inayopaa, maghorofa ya Nairobi, pembe za ndovu za Mombasa, simba, msikiti, bustani. Mbele ya mchoro wakatundika maua ya plastiki na karatasi za kumetameta, wakaweka na kiti kilichovikwa kitambaa. Mteja alisimama katikati, na kamera ikaunganisha mbao, rangi, plastiki na mwili wa mtu vikawa dunia moja.

Wengi waliopigwa picha pale walikuwa wabara waliokuja pwani kutafuta kazi. Picha zilitiwa kwenye bahasha zikaenda nyumbani. Mama aliyefungua bahasha kijijini alimwona mwanawe mbele ya meli, na ujumbe ulifika: nimevuka, nimefika, naishi kwenye dunia kubwa. Kila mtu alijua ile meli ni rangi juu ya mbao, na hakuna aliyekuwa ametapeliwa. Mtaalamu wa Kijerumani Heike Behrend, aliyewachunguza mafundi hao kwa miaka mingi, alieleza jinsi picha zile zilivyowapa watu hisia ya kuwa sehemu ya ulimwengu mzima.

Agosti 1997 machafuko ya kisiasa yaliikumba Likoni, wabara wakashambuliwa na wengi wakakimbia. Biashara ya vibanda, iliyowategemea wao kama mafundi na kama wateja, ikavurugika. Fundi na mteja wa Likoni walikuwa wageni wote wawili katika mji walioujenga juu ya mbao, na siasa ikawakumbusha ugeni wao.

Jennifer ufukweni

Wakati vibanda vya Likoni vikipakwa rangi, mkasi mpya ulikuwa umeshafuliwa ng'ambo. Mwaka 1987 Thomas Knoll, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan, aliandika programu ya kuonyesha picha kwenye kompyuta yake. Ndugu yake John, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya athari maalumu za filamu ya Industrial Light & Magic, akaona itafaa kwa mengi zaidi. Wakaiendeleza pamoja, na Februari 1990 kampuni ya Adobe ikaitoa sokoni kwa jina la Photoshop. Mwaka 1994 toleo la tatu likaleta matabaka: sasa mtu, kivuli chake, anga na mlima vingeweza kukaa kila kimoja kwenye karatasi yake isiyoonekana, vikasogezwa bila kuharibiana.

Picha iliyotumika kuonyesha uwezo wa programu hiyo ilikuwa ya mchumba wa John, Jennifer, ameketi ufukweni Bora Bora akiwa ameipa kamera mgongo. John aliitembeza picha ile kwa watu aliotaka kuwaonyesha programu, na mikononi mwao Jennifer akarudufiwa, akahamishwa, akafutwa. Yeye na John wakaoana, na picha ile hukumbukwa kwa upendo. Hata hivyo inatufundisha kitu: tangu siku ya kwanza ya mkasi huu, mwili wa mwanamke ulisafiri kutoka mkono hadi mkono ukigeuzwa na watu ambao yeye hakuwajua. Hilo Bakor asingeweza kulifanya Lamu hata angetaka, kwani mjini kila mtu angejua.

Sura za Kariakoo

Tanzania Bara ilianza kupata televisheni mwaka 1994, na baada ya miaka michache kamera za video zikazaa filamu zetu wenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitengeneza *Nsyuka* na *Shumileta*, filamu za mizimu na majini. Filamu hizi na mamia zilizofuata zilihitaji makasha, na makasha yakawa shule kubwa ya kuunganisha picha nchini. Uso wa mhusika mkuu uliwekwa juu, mkubwa, machozi yakishuka. Chini yake zikafuata sura ndogo za wenzake, jumba la kifahari, gari, miali ya moto, wingu jeusi, pengine jicho la kiumbe kisichojulikana. Kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, makasha hayo yalipanda mabasi hadi Kahama na Geita, yakatundikwa kwenye vibanda vya video ambako mchimbaji aliyemaliza zamu angekaa kwenye benchi akitazama.

Vijana wengi wa Kanda ya Ziwa walijifunza lugha ya njozi kwa kuyatazama makasha hayo, bila kwenda darasani. Walijua moto nyuma ya mtu una maana gani, na kwa nini mwanga wa kibluu ni wa usiku wa wachawi. Mwigizaji Steven Kanumba alipofariki tarehe 7 Aprili 2012, sura yake ilibandikwa kwenye fulana na mabango, mara nyingi ikiwa na mbawa au mawingu. Nchi nzima ilimwomboleza kwa njia waliyoijua mafundi wa makasha.

Ndani ya studio ya mji wa dhahabu

Dhahabu ya ukanda wa Segese ni ya zamani. Mgodi wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966. Mgodi mpya wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka 2001. Pembeni ya migodi mikubwa, wachimbaji wadogo wakaendelea kushuka kwenye maduara yao, na kila duara lilipotema, watu walimiminika, na nyuma yao wakaja mama lishe, wauza nguo, waganga na mafundi picha. Mafundi walianza na filamu za kusafishwa mjini, wakahamia kwenye kamera za dijitali na kompyuta zilizoendeshwa kwa jenereta, kisha umeme na intaneti vikafika.

Kazi yenyewe inadai utulivu. Fundi huanza kwa kumzungushia mteja mstari wa nukta, moja baada ya nyingine, amtoe kwenye ukuta aliosimama mbele yake. Suruali na mabega ni kazi nyepesi. Mtihani uko kwenye nywele: za kusuka zina ukingo, lakini zilizoachwa zitimke zina mamia ya ncha, na kila ncha imeshika kipande cha ukuta. Asiye na subira huzinyoa, na mteja huondoka na kichwa kama cha sanamu. Mtu akishatolewa, anahitaji kivuli, maana asiye na kivuli huelea. Kisha mwanga: jua la mandhari likitoka kulia na uso ukaangazwa kutoka kushoto, jicho la mtazamaji litakataa hata kama hajui sababu. Mwisho ni rangi, ili vumbi jekundu lililobaki kwenye viatu na bahari iliyowekwa nyuma vikubali kukaa pamoja.

Hapa kwenye rangi pana jambo zito. Programu nyingi za simu za kuremba picha zimetengenezwa kung'arisha ngozi na kupunguza pua bila kuuliza. Msichana wa Kisukuma mweusi tii huingia kwenye simu akatoka na weupe wa mtu mwingine. Aliomba kusimama mbele ya mnara, hakuomba kubadilishwa ngozi. Ndani ya picha yake imepenya ndoto ya mtu wa mbali aliyeandika programu, kama vile rangi za kadi za Unguja zilivyotoka kwa mchapaji wa Ulaya. Fundi mwenye heshima ya kazi huirudisha ngozi ilivyokuwa kabla hajamkabidhi mteja picha yake.

Akina bibi wa Nairobi

Wakati studio za mitaani zikiwahudumia wateja, Nairobi ilizaa wasanii walioifanya njozi ya picha kuwa sanaa ya maonyesho. Anayejulikana zaidi ni Osborne Macharia, aliyesomea usanifu majengo kisha akajifunza kamera mwenyewe. Kwenye mfululizo wake wa *Nyanye* aliwageuza akina bibi kuwa viongozi wastaafu wa miaka ya 1970 wanaotumbua maisha kwa safari na mavazi ya fahari. Kwenye *Kabangu* wazee wakawa magwiji wa muziki wa hip hop. Kwenye *Magadi* alisimulia ngariba walioacha visu vyao wakashika ubunifu wa mavazi, wakawa kimbilio la wasichana wanaotoroka ndoa za mapema. Mwaka 2018, filamu ya *Black Panther* ilipotoka, alitengeneza *Ilgelunot*, picha za wazee watatu vipofu wa nchi ya kubuni ya Wakanda.

Macharia hafanyi haya peke yake. Mbunifu wake wa mavazi Kevo Abbra na mrembaji Valary Mdeizi hujenga vazi, miwani na nywele kwa vitu halisi vinavyoshikika, kabla kompyuta haijaguswa. Mzee huvalishwa, huelezwa hadithi, hupewa nafasi ya kuicheza. Kompyuta huja kumalizia. Hivyo nguvu iliyomo machoni mwa wazee wale haikuongezwa na programu. Ilikuwamo kwao, na walikubali kuitoa kwa sababu walijua wanacheza nini.

Mwaka 2017 Jacque Njeri, pia wa Kenya, alitoa mfululizo wa *MaaSci*, akiwaweka Wamaasai katika anga za mbali, miongoni mwa sayari, na shuka zao na shanga zao. Kwa zaidi ya karne Mmaasai amepigwa picha kama mtu wa jana. Njeri akamhamishia kesho. Wakati kadi za posta zilimfunga mtu ndani ya wazo la mgeni, mkasi uleule mikononi mwa mwenyeji ulimfungulia anga.

Kazi iliyo mbele ya Segese

Sasa imefika akili mnemba, na nukta za kuzungusha nywele zimebaki kwa wenye kupenda. Mtu huandika sentensi, na mashine huutwaa uso wowote na kuupeleka popote: kwenye kiti cha enzi, kwenye jeneza, kitandani na mtu asiyemfahamu. Kazi iliyokuwa ya siku nzima imekuwa ya sekunde, na kwa mara ya kwanza katika historia hii sura ya mtu inaweza kutiwa kwenye njozi bila yeye kuketi, kulipa, kukubali wala kujua. Wanawake wa kadi za Unguja walau waliiona kamera.

Sheria imeanza kuamka. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Lakini sheria hufika baada ya madhara. Kinachofika mapema ni mila ya kazi, na mila hiyo tunayo: Lamu iliilinda kwa uaminifu, Likoni kwa mteja kuchagua mchoro wake, Nairobi kwa kumweleza mzee hadithi kabla ya kumvika.

Na hadithi za kuvika tunazo tele. Usukumani kila mtoto amesikia habari za Masala Kulangwa na Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu na ng'ombe wote hadi kijana mmoja akaenda kulikabili. Wazee wanasimulia habari za Ng'wanamalundi, manju aliyesemekana kukausha miti kwa kuinyooshea kidole. Kuna wacheza ngoma wa Bayeye na chatu zao, na Makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza yanatunza ngoma na vyombo vya mila hizo. Fundi wa Segese mwenye kompyuta, kamera na shangazi mwenye uso wa hadithi ana kila anachohitaji ili kutengeneza kazi itakayotazamwa Mwanza, Nairobi na mbali zaidi. Mchimbaji aliyezoea kuliingia shimo kwa kamba anaweza kuwa Masala Kulangwa kwa haki kuliko mwanamitindo yeyote wa mjini, maana yeye humezwa na ardhi kila siku na kurudi.

Ninachoomba ni vitu vitatu vilivyo ndani ya uwezo wa fundi yeyote. Mwenye sura aulizwe kabla, na aelezwe atakuwa nani ndani ya picha na itaonekana wapi. Alipwe picha ikiuzwa. Na jina lake, akiridhia, liandikwe chini ya kazi pamoja na la fundi, lisikose kama yalivyokosa majina ya wanawake wa Unguja. Fundi akiyashika hayo matatu, amruhusu mteja apae na Shing'weng'we mpaka mwezini. Ndoto itakuwa na mwenyewe.